Shule ya jamii ya Mwalimu mstaafu huko Nyalenda, Kisumu: tathmini ya mzazi

Mwanangu wa pili amesoma katika shule hii tangu Mei 2023, alipoingia akiwa Gredi ya 2, na sasa yuko Gredi ya 4. Naandika kwa ajili ya wazazi wa Nyalenda, Manyatta, Dunga na Nyamasaria ambao huniuliza, mara kwenye matatu, mara baada ya ibada, kama shule ya mabati inayotoza karo ya shilingi 3,800 kwa muhula inaweza kumfunza mtoto sawasawa. Jibu langu ni kwamba inaweza, na sababu yake si majengo wala wingi wa vitabu, bali ni mwanamke aliyeianzisha na njia ndefu aliyoipitia kabla ya kuianzisha. Karibu kila jambo jema nililoliona pale nimeweza kulifuatilia hadi kwenye kituo fulani cha kazi alikowahi kuhudumu, na hata kasoro kubwa ya shule, ambayo nitaieleza bila kuificha, chanzo chake ni hicho hicho.

Sina undugu naye, simo katika kamati ya shule, na ninalipa karo kamili kama wengine. Ameomba asitajwe kwa jina wala shule yake isitajwe, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama tunavyomwita wazazi sote. Watoto wa chekechea humwita Dana, yaani nyanya yangu kwa Kidholuo, naye huwaitikia. Anayetaka kufika ashukie Ring Road upande wa Nyalenda B, aulize kwa Mwalimu, ataelekezwa.

Nilimpeleka mtoto pale nikiwa nimeishiwa na njia. Shule ya binafsi aliyokuwa akisoma awali ilimtaka awe langoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kwa masomo ya ziada, kisha mwezi wa Aprili 2023 nikaitwa na kuambiwa kwamba atarudishwa Gredi ya 1 kwa sababu anashusha wastani wa darasa. Wakati huo sikujua kwamba kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kuzuiliwa katika darasa moja. Nililijua hilo kwa Mwalimu, ambaye ana nakala ya sheria hiyo kabatini na aliifungua mbele yangu pasipo kuisema vibaya shule niliyotoka.

Siku ya kwanza hakuniuliza alama za mtoto wala hakutaja fedha. Alimketisha kwenye kigoda chini ya mwembe ulio karibu na lango, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, kisha akamfungulia ukurasa wa hadithi ya Kiswahili uliokuwa na picha ya mbuzi na mama anayechota maji. Mtoto alisoma mistari miwili ya kwanza kwa kasi iliyonifurahisha. Mwalimu akaifunika picha kwa kiganja, akagusa mstari wa nne kwa ncha ya penseli, na mtoto akanyamaza. Alijaribu neno moja, akaliacha katikati, akanitazama mimi. Mwalimu akavuta daftari lake lenye jalada la khaki, akaandika tarehe, jina la mtoto na nambari 11, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mzazi, huyu si mtoto mzito. Amefundishwa kukariri ukurasa, silabi hajafundishwa. Tutaanzia ba, be, bi, na nyumbani asichekwe.”

Nambari ile ilikuwa hesabu ya maneno aliyoyasoma bila kukosea kwa dakika moja. Vipimo vinavyotumiwa nchini kwa madarasa ya chini vinamhesabu mtoto kuwa msomaji fasaha akifikisha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Nilipouliza kwa nini Kiswahili kimewekewa idadi ndogo, Mwalimu aliandika kwenye pembe ya daftari neno watakapomletea, akalikata vipande kwa mistari midogo, akanionyesha kwamba ndani yake yumo mtenda, umo wakati, na yumo mtendewa, mambo ambayo kwa Kiingereza yangehitaji maneno manne au matano. Nimesoma Kiswahili hadi kidato cha nne na sikuwahi kuonyeshwa jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Kila mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 4 hupimwa hivyo mara moja kila wiki tatu, siku ya Jumatano, na daftari la khaki liko wazi kwa mzazi anayetaka kuona mstari wa mtoto wake. Mwanangu aliandikiwa 11 mwezi wa Mei, 19 mwezi wa Julai, na 38 muhula wa tatu ulipofungwa. Mwaka jana alivuka 70, na siku hizi humsomea bibi yake ukurasa wa mbele wa Taifa Leo, akiruka maneno ya kisiasa anayoyaona hayana maana.

Mbinu hii Mwalimu hakuitoa hewani. Kila mzazi mpya huonyeshwa faili la buluu lenye barua zake za kazi, kwa kuwa anashikilia kwamba mtu hapaswi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, sembuse kumkabidhi mtoto kwa mgeni. Barua ya kwanza ni ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 1987, inayompeleka kwenye shule ya msingi ya umma katika nyanda za Kano baada ya kuhitimu cheti cha P1, cha kufundisha shule za msingi, katika Chuo cha Ualimu cha Asumbi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa na umri wa miaka miwili tu, na msichana huyo wa miaka 22 alijikuta akifundisha sayansi kimu na kilimo katika darasa lisilo na cherehani wala jembe, huku wazazi wakidaiwa mchango wa kujenga karakana. Anasema aliona mapema jinsi mtaala mzuri unavyoweza kumgeuka mzazi maskini ukawa deni. Ndiyo maana mtaala wa umilisi (CBC), uliochukua nafasi ya 8-4-4, ulipokuja na orodha za vifaa, yeye aliwakataza walimu wake kumtuma mtoto nyumbani na orodha yoyote ambayo haijapita mikononi mwake. Somo la kilimo hufanywa kwa sukuma wiki zilizopandwa ndani ya magunia kando ya ua, na makopo ya kumwagilia ni yale ya mafuta ya kupikia.

Januari 2003, serikali mpya ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Wiki hiyo aliandikisha watoto 134 katika darasa la kwanza moja, wengine wakiwa na miaka 12 au 13, na aliwaandika wote kwa sababu hakuwa na moyo wala ruhusa ya kumrudisha yeyote. Hulisimulia jambo hilo kwa furaha na kwa huzuni kwa pamoja, maana watoto wale walistahili kuwa pale na wengi wao walimaliza mwaka bila yeye kuyajua majina yao. Katika shule yake ya sasa darasa halizidi watoto 35. Nimeshuhudia mama mmoja akilia ofisini mwake mwezi wa Januari kwa ajili ya mtoto wa thelathini na sita, na Mwalimu, macho yake mwenyewe yakiwa mekundu, akimwandikia barua ya kumpeleka shule ya umma iliyo karibu badala ya kumkubalia. Wapo wanaomwona mkali kwa hilo. Mimi nadhani alikuwa sahihi.

Barua ya tatu katika faili ni ya kumpandisha kuwa mwalimu mkuu, na kazi hiyo ilimkuta mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wakati familia zilizokimbia Nakuru na Naivasha zilipokuwa zikirejea Nyanza kwa malori na mabasi. Watoto walimjia bila barua za uhamisho, bila vyeti vya kuzaliwa, na wengine walikuwa hawazungumzi kabisa. Aliwaweka madarasani kwanza na karatasi zikafuata baadaye. Hiyo ndiyo desturi ya shule yake hata leo: mtoto huanza masomo Jumatatu, na mzazi asiye na cheti cha kuzaliwa hupewa muhula mmoja wa kukitafuta, pamoja na maelekezo yaliyoandikwa ya nini cha kubeba akienda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Kwa mtaa kama wetu, ambako watu huhama nyumba kwa mvua au kwa kodi, hilo si jambo dogo.

Kituo cha mwisho kilikuwa kile cha kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, alipofanya kazi ya kuwashauri walimu wa zoni nzima, akizunguka kwa pikipiki kutoka shule hadi shule. Mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma, Tusome, ulipoanza mwaka 2015, yeye na wenzake walipewa tableti, wakatakiwa kuketi ndani ya vipindi, kuwapima watoto watatu kwa kila darasa, na kumrudishia mwalimu maoni papo hapo. Kwa miaka hiyo sita alikaa zaidi kwenye dawati la nyuma kuliko alivyosimama mbele ya ubao, na hapo, kwa maelezo yake, ndipo alipoelewa kazi yake ya miaka ishirini na tatu ya awali. Kutoka mbele, darasa huonekana mikono iliyoinuliwa. Kutoka nyuma, anaonekana mtoto ambaye hajawahi kuinua mkono na ambaye mwalimu, kwa nia njema kabisa, hajamwita tangu muhula uanze. Alikuwa akirudi nyumbani na majina ya watoto wa namna hiyo aliyoyaandika pembeni, watoto wa shule za wengine, ambao ratiba haikumruhusu kuwarudia.

Mwishoni mwa 2016, akiwa na miaka 51, alistaafu mapema. Walimu wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60, kwa hiyo aliacha miaka tisa ya mshahara, na katika mkutano wa wazazi aliwahi kusema wazi kwamba nduguze walimwita shangazi aliyepotewa na akili. Kiinua mgongo chake kililipia ukodishaji wa ploti kwa miaka kumi, mbao, mabati na madawati 40 yaliyoundwa na mafundi wa Kibuye. Januari 2017 alifungua na chekechea mbili na darasa la kwanza moja, watoto 27 kwa jumla. Darasa lile la kwanza, bila yeye kupanga, ndilo lililokuja kuwa kundi la kwanza la mtaala wa umilisi nchini: lilikuwa Gredi ya 3 mtaala ulipoenezwa kote mwaka 2019, likawa Gredi ya 4 iliyorejeshwa shuleni Oktoba 2020 kabla ya wengine baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, na likafanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 6 mwishoni mwa 2022. Wazazi wa kundi lile wananiambia kwamba katika miezi ya korona Mwalimu aliwapigia watoto simu jioni, mmoja mmoja, wasome kwa sauti dakika tatu, na mzazi asiye na salio alibipu akapigiwa.

Alichokileta kutoka dawati la nyuma ndicho kinachoitofautisha shule hii na nyingine za karo kama yake. Kila mwalimu, mara moja kwa wiki, hufundisha kipindi huku mwenzake ameketi nyuma na karatasi yenye majina ya watoto wote, akiweka alama kwa kila anayeulizwa, anayejibu, anayeandika ubaoni. Kipindi kikiisha, wawili hao hukaa dakika kumi chini ya mwembe na kuisoma karatasi ile. Niliwahi kuwahi shuleni siku kama hiyo, nikaona kijana mmoja, mwalimu wa Gredi ya 3, akiitazama karatasi yake kwa muda mrefu kabla ya kusema, “Hawa wanne sikuwagusa.” Hakukaripiwa. Siku iliyofuata, mwanawe jirani yangu, mmoja wa wale wanne, alirudi nyumbani akisema ameitwa ubaoni mara mbili. Walimu wote tisa wamehitimu na wamesajiliwa na Tume, ingawa hawajaajiriwa nayo, na vijana wanaotoka pale hupokewa vizuri wanakokwenda kuomba kazi.

Kuhusu lugha, chekechea na madarasa ya chini hufundishwa kwa Kiswahili na Kidholuo, kama sera inavyoelekeza kwamba mtoto aanze kwa lugha ya eneo lake, na mwalimu mmoja anayetoka Vihiga huwasaidia watoto wa Kiluhya wanapokwama. Mwalimu mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, alivishwa shingoni kibao cha aibu kwa kusikika akizungumza Kidholuo, na amesema mbele yetu kwamba kibao cha aina hiyo hakitaingia kwenye lango lake akiwa hai. Kiboko pia hakipo. Nimemuuliza mwanangu mara nyingi, kwa njia za kuzunguka, na sijapata jibu tofauti.

Sasa fedha, ambazo ndizo huwagombanisha wazazi na shule. Kazi yangu ni kuweka hesabu za fedha katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo hapa nilitazama kwa jicho kali. Karo ya 3,800 hulipwa kwa simu kwenda akaunti ya shule, si nambari ya mtu, na inaweza kugawanywa mara tatu. Chakula cha mchana ni shilingi 40 kwa siku: githeri siku tatu, ugali na mboga au omena siku mbili, na uji wa saa nne ni bure kwa chekechea. Mwisho wa muhula karatasi kubwa ya manila hutundikwa kwenye ukuta wa ofisi ikiwa na kila shilingi iliyoingia na kutoka. Muhula uliopita niliijumlisha kwa kikokotoo cha simu nikiwa nimesimama, ikalingana. Kwenye mstari wa kuni palikuwa na shilingi 2,150 na kando yake, kwa kalamu nyekundu, maneno “hakuna risiti.” Mweka hesabu anajua uzito wa mtu kujiandikia mwenyewe maneno hayo.

Desturi hii nayo ina asili. Alipokuwa mwalimu mkuu, fedha za elimu bila malipo, shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, ziliingia kwenye akaunti mbili, moja ya vifaa vya kujifunzia na nyingine ya matumizi ya kawaida, na hesabu zilipaswa kubandikwa ubaoni wazazi wazione. Shule yake ya sasa, kwa kuwa si ya umma, haipati hata senti ya mgao huo, wala hakuna anayemdai abandike chochote. Anabandika.

Majengo ni ya kawaida: kuta za mabati juu ya msingi wa saruji, madirisha mapana, hakuna ghorofa. Baada ya mkasa wa Septemba 2019 jijini Nairobi, ambako madarasa ya shule ya aina hii yaliporomoka na kuua wanafunzi, wakaguzi walipita pale kama walivyopita kwingine, na kilichotakiwa kilikuwa kuongeza mlango wa pili kwa kila darasa. Milango hiyo ipo na haifungwi kwa kufuli wakati wa masomo, niliijaribu. Sare ni shati la kawaida na sweta ya kijani inayopatikana kwa fundi yeyote. Michezo ni dhaifu, kwa kuwa uwanja ni mdogo kuliko ua wa kanisa.

Kasoro ninazoziona mimi ni hizi. Ardhi yetu ni ya udongo mweusi unaoshika maji, na mto Auji ukifura shule huloa. Mwaka 2024, muhula wa pili ulipocheleweshwa nchini kote hadi Mei 13 kwa sababu ya mafuriko, madarasa mawili ya pale yalikuwa na tope hadi usawa wa viti, na vyoo vya shimo vikafurika. Mwalimu alihamishia watoto wa chekechea kanisani kwa wiki tatu na vyoo vikainuliwa juu ya jukwaa la zege, lakini vimebaki vinne kwa watoto zaidi ya 220, wasichana viwili na wavulana viwili, na hiyo haitoshi. Nimelisema hilo mkutanoni na ninalirudia hapa.

Mishahara ya walimu ilichelewa mara mbili mwaka huu, mara moja kwa siku kumi na nane. Ilitangazwa kwetu na sababu ikaelezwa, nayo ni karo isiyolipwa na wazazi, jambo la kweli. Hata hivyo mwalimu aliyelala njaa hawezi kukaa dawati la nyuma kwa moyo, na shule inayojua kupanga vitu vingine vizuri namna hii inapaswa kuwa na akiba ya angalau mwezi mmoja.

Shule inaishia Gredi ya 6. Haina maabara wala nafasi ya sekondari ya msingi, na watahiniwa wake huandikishwa kufanyia tathmini katika shule ya umma iliyo jirani, ambako wengi wao huendelea na Gredi ya 7. Mimi sioni hilo kuwa kosa. Aliyekuwa na haraka angebandika bango la Gredi ya 7 Januari 2023, kama wengine walivyofanya, na kuwafundisha sayansi kwa picha. Mzazi ajue tu kwamba baada ya miaka sita atatafuta shule nyingine.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kila kitu kimefungwa kwake. Daftari la khaki ni lake, sheria iliyo kabatini ni yake, simu za wafadhili wadogo wa karo za yatima zinaingia kwake. Mwaka huu ametimiza miaka 60. Naibu aliyepo ni mpole na mwenye bidii, ila sijawahi kumwona akiamua jambo bila kumtazama Mwalimu kwanza, na kamati ina watu wanane ambao watano wao ni waumini wa kanisa lake, watu waadilifu lakini wagumu wa kumpinga. Muda wa kukodi ploti unakwisha mwisho wa 2026. Nilimuuliza kuhusu hayo mwezi wa Juni, nikiwa na wasiwasi kwamba nitamkosea heshima. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba katika miaka yake yote ya utumishi alihamishwa kwa barua, akakuta shule imesimama na akaiacha imesimama, na kwamba hili la kuijenga shule itakayobaki bila barua ya mtu yeyote ndilo ambalo hakuna kituo kilichomfundisha. Kisha akanionyesha rasimu ya makubaliano mapya na mwenye ardhi, ya miaka kumi na mitano, ambayo itasainiwa kwa jina la shirika la kijamii lililosajiliwa na si kwa jina lake. Kufikia wiki hii haijasainiwa. Wazazi tunapaswa kuiulizia katika kila mkutano hadi itiwe saini, na tuombe pia viti viwili vya kamati vichaguliwe na sisi kwa kura.

Pamoja na hayo yote, binti yangu wa mwisho ataanza chekechea pale Januari. Nimekwisha kulipa shilingi 500 za fomu.

Kwa anayetaka nafasi: fomu hutolewa kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba na Gredi ya 1 hujaa kabla ya Novemba kwisha. Beba kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa kama unacho. Nenda Jumatano kabla ya saa nne, utamkuta chini ya mwembe. Atamwomba mtoto asome, au kama ni mdogo, amsimulie alichokula jana. Utakuwa umesimama kando yake na utatamani sana kumsaidia kujibu. Nyamaza, umwache mtoto ajikwae, kwa sababu ni pale anapojikwaa ndipo Mwalimu huanza kuandika.